Nchi Iliyopona Bila Dawa

Nchi inayoitwa Ustawini ipo, na asiyeamini na aulize ubalozi wake, kama atabahatika kuukuta uko wazi. Ni nchi yenye amani. Ina barabara moja ya lami itokayo uwanja wa ndege hadi Ikulu, na serikali yake inawapenda wananchi kiasi kwamba huwahesabu mara kwa mara ili kujua wamebaki wangapi.

Mwaka mmoja Rais wa nchi hiyo alisafiri ng'ambo kutibiwa jino. Huko akagundua kwamba jino lake, kabla ya kung'olewa, lilipewa namba. Akauliza, akaelezwa kwamba katika nchi zilizoendelea kila maradhi yana namba yake, na kwamba mtu wa huko haugui hivihivi tu. Alirudi nyumbani na huzuni. Akalihutubia taifa, shavu bado limevimba, akasema ni aibu kwamba tangu uhuru wananchi wa Ustawini wamekuwa wakiugua kienyeji, kwa maneno matupu. Bunge likapitisha sheria siku hiyohiyo, baada ya chai: ni marufuku kumtibu mtu ugonjwa usio na namba.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Daktari akishampima mgonjwa, anaandika maradhi yake kwa maneno kwenye faili. Faili linakwenda kwa mwekaji namba, naye anatafuta namba ya maradhi hayo na kuiingiza kwenye kompyuta. Namba ikiingia, stoo inatoa dawa, na namba hiyohiyo inapelekwa Wizarani ili taifa lijue linaumwa nini. Bila namba, hata kidonge cha kichwa hakitoki.

Basi katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi fundi bati mmoja, Mzee Ngoda, aliyekuwa akitengeneza makarai na mabirika na kumlea binti yake Siwema peke yake tangu mama mtu afariki. Siwema alikuwa na kichwa chepesi. Serikali ilipofungua Chuo cha Taifa cha Namba za Maradhi, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia, na alipomaliza alizijua namba kama wengine wanavyojua majina ya shangazi zao. Baba yake alipojigonga nyundo kidoleni alimwita atoke ndani amwambie ameumia namba ngapi. Siwema alimtajia, na mzee alisema hapo ndipo maumivu yanapata heshima.

Siku ya mahafali alikuja Waziri wa Afya, Takwimu na Uzoefu, Mheshimiwa Pakacha. Mheshimiwa huyu aliteuliwa kuwa waziri bila kuwahi kushika kazi yoyote, lakini mjomba wake alikuwa ameshika nyingi, na ilionekana zinautosha ukoo mzima. Alihutubia mpaka wahitimu wawili wakazimia kwa jua. Aliwaambia kwamba wao ni askari wa mstari wa mbele, kwamba taifa linawalilia, kwamba katika kila hospitali kuna kiti kinachowasubiri. Kisha akaondoka na msafara wake, na wahitimu wakafuta vumbi lake usoni wakiwa na furaha kubwa.

Kiti kimoja kweli kilikuwa wazi. Kilikuwa katika Hospitali Kuu ya Shukrani, ambako mwekaji namba wa miaka yote, Bwana Mashavu, alikuwa ametunukiwa ubalozi kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Siwema alikwenda na vyeti vyake, amevaa gauni la mama yake lililopunguzwa kiunoni. Alipokelewa na Mganga Mkuu, Daktari Kibwengo, mtu mnene mwenye sauti ya upole ambaye hakuwahi kumkatalia mtu jambo lolote bila kwanza kumkaribisha kiti.

Daktari Kibwengo alivitazama vyeti kwa mapenzi. Alisema hajapata kuona alama nzuri kama zile. Kisha akamuuliza amefanya kazi ya kuweka namba kwa muda gani. Siwema akajibu kwamba ndiyo kwanza amemaliza chuo, na kwamba hiyo ndiyo kazi anayoiomba.

"Nimekuelewa, binti," alisema Daktari. "Lakini sheria inataka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano katika kazi hiyo, humu nchini."

Siwema aliuliza kwa adabu ni watu wangapi nchini wenye uzoefu huo. Daktari akafikiri kwa uaminifu, akasema yupo mmoja, naye ni balozi.

Akamshauri aende Ofisi ya Uzoefu, huko Wizarani. Siwema alikwenda. Dirishani alikuta karani aliyemweleza kwamba uzoefu hupatikana kazini, na kazi hupatikana kwa uzoefu, na kwamba asichanganyikiwe, maana utaratibu huo uliandaliwa na wataalamu. Lakini serikali haina roho mbaya. Kwa vijana kama yeye kulikuwa na Mpango wa Kujitolea kwa Moyo Mkunjufu: mtu anafanya kazi bure mahali penye kazi, na uzoefu unamwingia polepole.

Kwa hiyo Siwema akarudi Shukrani kujitolea. Walimpokea vizuri. Walimpa ufunguo wa chumba cha mwekaji namba na kumkabidhi kiti cha Bwana Mashavu, kwa ajili ya kukifuta vumbi. Kukikalia hakuruhusiwa. Kompyuta ilikuwa haijazimwa tangu balozi aondoke, kwa kuhofia kwamba ikizimwa itasahau, naye aliruhusiwa kuipangusa kioo. Mafaili yalikuwa yakiletwa kila asubuhi na kurundikwa sakafuni, kisha juu ya dirisha, kisha kwenye beseni la kunawia. Aliyaomba ayashughulikie. Akaambiwa asithubutu, kwa kuwa mtu asiye na uzoefu anaweza kukosea, na kosa katika namba linaweza kumuua mgonjwa.

Wagonjwa, wakati huo, walikuwa wakisubiri. Kwa vile hawakuwa na namba hawakuweza kulazwa wodini, basi walilazwa kwenye ujia mrefu uliobandikwa kibao kipya: Ukumbi wa Subira. Madaktari walipita kila siku, wakawapima, wakaandika, wakawapa pole. Siwema alipita katikati yao na kitambaa chake cha vumbi. Alipouliza kama kufuta vumbi huko kutahesabiwa kuwa uzoefu, Ofisi ya Uzoefu ilimjibu kwamba hapana, maana uzoefu ni ule unaolipwa mshahara, lakini wanampongeza kwa moyo wake mkunjufu.

Angeacha, na alikuwa amekwisha kumwambia baba yake kwamba ataacha, ajifunze kukunja bati. Baba yake akamwambia avumilie kidogo. Ndipo mzee mwenyewe akakanyaga kipande cha bati.

Mzee Ngoda alikuwa na kisukari cha muda mrefu, na kidonda kilichoanza kama mkwaruzo unyayoni kikachimba kikaenda ndani. Aliuficha mguu kwenye soksi hadi harufu ikamsuta. Siwema na jirani wakamfikisha Shukrani kwa mkokoteni. Daktari wa zamu alipoufungua tu alijua, akaandika kwa maneno yote yanayohitajika: dawa ya sindano upesi, na upasuaji kama haitashika. Faili likapelekwa chumba cha mwekaji namba na kuwekwa juu ya mengine. Mzee akalazwa Ukumbi wa Subira, juu ya mkeka.

Kando yake alilala Bi Saumu, muuza vitumbua mwenye pumu, aliyekuwa amesubiri hapo muda mrefu kiasi cha kuwa na msumari wake ukutani wa kutundikia khanga. Hakuweza kusema maneno mengi kwa pamoja, kifua kikimlia, lakini alikuwa na ungo, na kwa ungo huo alimpepea Mzee Ngoda inzi wasimkalie kidondani. Alimpepea hata alipokuwa yeye mwenyewe hawezi kuvuta pumzi. Mzee akamtania kwamba ameolewa bila kujua. Bi Saumu akacheka, kucheka kukamletea kikohozi, ikabidi nesi wa ukumbi, Sista Perpetua, aje kuwaambia waache mapenzi.

Siwema alikwenda kwa Daktari Kibwengo. Alimpigia magoti, ingawa Daktari alikuwa ameshamkaribisha kiti.

"Namba ya baba naijua," alisema. "Daktari, hata wewe unaijua."

"Sote tunaijua, binti," alisema Daktari Kibwengo, na machozi yalimlengalenga kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Asiyeijua ni kompyuta. Na mtu wa kuiambia hatuna."

Siwema akatoka. Akaenda chumba cha mwekaji namba, akafunga mlango, akakifuta kiti vumbi kwa mazoea, kisha akakikalia. Kilikuwa kiti cha kawaida, kimebonyea upande mmoja. Akachukua faili la baba yake, akaingiza namba. Hakuna kilicholipuka. Kabla hajalifunga faili alisikia gurudumu la toroli la dawa likilia huko kwenye ujia, na sauti ya Sista Perpetua ikiita jina la Ngoda kama anayeita mshindi wa bahati nasibu.

Alitaka kuondoka. Lakini faili la chini yake lilikuwa la Bi Saumu, na la chini ya hilo lilikuwa la mtoto mwenye homa, na rundo lilikuwa pale sakafuni limemfikia kiunoni. Akavua viatu, akaanza.

Alifanya hivyo siku baada ya siku. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye aliyemruhusu. Wagonjwa walihamishiwa wodini wakapewa shuka. Bi Saumu alipata dawa ya kuvuta, akagundua ana maneno mengi ajabu yaliyokuwa yamebanwa kifuani, akayatoa yote. Alizungumza tangu asubuhi. Alimsimulia Mzee Ngoda habari za waume wake watatu, na mzee, ambaye homa ilikuwa inamshuka, alimuuliza Sista kama kuna namba ya ugonjwa huo pia. Siwema alipita wodini akasikia kicheko chao. Alikuwa hajawahi kufanya kazi inayosikika namna ile.

Sasa ni lazima nieleze jambo ambalo Siwema hakulijua. Tangu Bwana Mashavu apewe ubalozi, Shukrani haikupeleka Wizarani namba hata moja. Hospitali nyingine zilikuwa na viti vitupu vilevile, nazo hazikupeleka. Wizara ilihesabu kilichofika, ikapata sufuri. Mheshimiwa Pakacha aliitazama sufuri hiyo, akaona matunda ya uongozi wake. Akatangaza kwamba Ustawini ni nchi ya kwanza duniani kumaliza maradhi yote. Wataalamu wa kimataifa walikuja na ndege, wakaiona sufuri kwa macho yao, wakamvisha nishani. Ilipangwa sherehe ya taifa ya kupona. Vitenge vilishachapwa, vina picha ya Mheshimiwa akiwa amemkumbatia mtu mwenye afya.

Ndipo zikaingia namba za Siwema. Malaria, pumu, kisukari, kipindupindu, kifua kikuu, mimba zilizoharibika. Vyote vikamiminika Wizarani kutoka hospitali moja. Hofu ikatanda. Mheshimiwa Pakacha akaja Shukrani mwenyewe, na barakoa mbili usoni, akauliza nani ameleta magonjwa.

Siwema alisimamishwa katikati ya ofisi ya Mganga Mkuu. Mheshimiwa hakupiga kelele. Alizungumza kwa uchungu wa mzazi. Alimweleza kwamba nchi ilikuwa imepona, na kwamba yeye, binti mmoja, kwa vidole vyake, ameiambukiza upya. Kwamba hata adui wa nje hajawahi kufanya hivyo. Mwanasheria wa Wizara akasoma mashtaka: kueneza maradhi kinyume cha sheria, na kukalia kiti cha umma bila uzoefu. Daktari Kibwengo alitazama sakafu kwa upole.

Siwema aliwaambia kwamba wagonjwa wapo, wako mlango wa pili, waende wakawaone. Mheshimiwa akasema hana sababu ya kutazama watu wakati takwimu anazo.

Ilibaki kuzifuta namba. Hapo pakawa na ugumu, kwa sababu sheria ilisema namba inaweza kufutwa na mwekaji namba peke yake, na hakuna mwingine aliyejua zinafutwaje. Mwanasheria alimnong'oneza Mheshimiwa kitu. Mheshimiwa akayatazama mashtaka tena, na uso ukamchanua. Karatasi ile, yenye muhuri wa Serikali, ilithibitisha kwamba binti huyu amefanya kazi ya kuweka namba, hapa nchini, na haikutaja kwa miaka mingapi. Alikuwa, kwa maneno ya Serikali yenyewe, mtu mwenye uzoefu.

"Tulia, mwanangu," alisema Mheshimiwa Pakacha. "Umepata kazi."

Akamweleza masharti kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Mashtaka yatafutwa. Atapewa kiti, mshahara, na beji yenye jina lake. Kazi ya kwanza ni kuziondoa namba zote alizoingiza, na baada ya hapo kupokea simu ya Wizara kila siku na kutoa hesabu ya wagonjwa, ambayo itakuwa sufuri. Akikataa, atakwenda gerezani, na namba zitasubiri mtu mwingine mwenye uzoefu apatikane.

Siwema aliuliza wagonjwa watakuwaje.

"Wagonjwa gani?" aliuliza Mheshimiwa, na hakuwa anatania.

Ndipo Daktari Kibwengo akainua macho. Alisema, kwa unyenyekevu, kwamba sindano zimeshusha homa lakini hazikuponya kidonda, na baba wa binti anasubiri upasuaji, kwamba mguu hauwezi tena kuokolewa lakini mtu anaokoleka. Je, haiwezekani ikaachwa namba moja, kwa ubinadamu? Mheshimiwa akafikiri. Alikuwa na moyo laini kwa mambo ya familia. Akasema moja inaweza kuachwa, ikaandikwa kuwa ni ya mgeni kutoka nchi jirani.

Siwema aliomba muda wa kufikiri, wakampa mpaka Mheshimiwa amalize soda yake.

Hatujui alichokiwaza, maana hajawahi kumwambia mtu. Sista Perpetua, aliyekuwa mlangoni, anasema tu kwamba binti aliitazama chupa ile ya soda mpaka povu la mwisho likaisha. Kisha akatembea hadi chumba cha mwekaji namba, akaketi bila kukifuta kiti vumbi, akaanza na faili la juu. Alifika kwa Bi Saumu kabla ya chakula cha mchana. Alikaa hapo kidogo. Akafuta, akaendelea na linalofuata.

Mzee Ngoda alipasuliwa kesho yake. Mguu ulikatwa chini ya goti, na kazi ilikuwa safi. Alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi alijikuta wodini peke yake, vitanda vimetandikwa vizuri kulia na kushoto, kimya kama hoteli isiyo na wageni. Siwema alikuwa pembeni yake, amevaa beji. Mzee aliisoma beji ile, akafurahi mpaka akalia, akamshika mkono, akasema alijua tu kwamba siku itafika. Kisha akauliza jirani yake wa vitumbua yuko wapi, mbona kumepoa.

Siwema akamwambia ameruhusiwa kwenda nyumbani.

"Amepona?"

"Wamepona wote, baba."

Mzee akaridhika, akalala. Aliyemweleza ukweli ni Sista Perpetua, siku alipokuja kumfundisha kutembea na magongo. Hakukusudia, alidhani anajua. Alimwambia kwamba walionyang'anywa vitanda hawakuwa na nguvu ya kwenda makwao, kwa hiyo walikaa nje ya geti, wameegemea uzio, wakitumaini kuitwa tena. Bi Saumu alikaa nao kwa siku chache. Dawa yake ya kuvuta ilipokwisha alimwomba mlinzi amruhusu kuingia, na mlinzi akatazama daftari lake, hakuona jina. Alifariki hapohapo kabla ya adhana ya adhuhuri. Hospitali haikuandika kifo chake, kwani haikuwa na mgonjwa wa jina hilo. Ungo wake ulichukuliwa na mama mwenye mtoto wa homa.

Mzee Ngoda aliuliza swali moja tu: ni nani aliyezifuta namba zao. Sista akageuza macho kuelekea chumba cha mwekaji namba.

Hakumwita binti yake, na hakupaza sauti. Aliomba apewe shati lake. Akavaa, akachukua magongo, akatoka wodini akiyumba, akapita Ukumbi wa Subira uliokuwa umepigwa deki na kupambwa maputo kwa ajili ya sherehe ya taifa ya kupona, akateremka ngazi kwa kuketi, ngazi moja baada ya nyingine, akauvuka uwanja.

Siwema alimwona kutoka dirishani. Mwanzo alidhani baba anafanya mazoezi, akatabasamu. Akamwona anafika getini, anasema na mlinzi, mlinzi anafungua. Akamwona anageuka kushoto, kwenye uzio, anasimama mbele ya wale watu, na mmoja wao anajisogeza kumpa nafasi. Mzee akajiteremsha taratibu mpaka chini, akayalaza magongo pembeni, kisiki chake na bandeji yake nyeupe ya Serikali mbele ya watu wote, akaegemea uzio kama walivyoegemea wao.

Siwema alikuwa ameshasimama, mkono uko kwenye kitasa, simu ilipolia mezani. Ilikuwa saa ya Wizara. Iliita, ikakatika, ikaita tena. Akarudi, akaiinua, akakaa.

Sauti ya upande wa pili ilimsalimu kwa heshima, ikamwita Bi Mwekaji Namba, ikauliza Shukrani kuna wagonjwa wangapi leo.

Siwema alitazama nje. Akawahesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi aliyosomea, akaanza na aliyekuwa karibu na geti.

"Hakuna," akasema. "Hata yule mmoja ametoka."